Udongo Uliofuliwa

Jina lake la kweli lilibaki kwake mwenyewe na kwenye kitambulisho chake. Mtaani walimwita Mama Maganda, kwa sababu kila asubuhi alipita mlango hadi mlango na gunia, akiomba vitu ambavyo mtu mwenye akili zake anavitupa: maganda ya ndizi, maganda ya machungwa, maganda ya karanga, magunzi ya mahindi. Wengine walidhani anafuga mbuzi. Wengine walidhani akili zimemruka. Alipowaambia anayataka ya kusafishia maji ya mvua, wale waliodhani ni mbuzi nao wakahamia upande wa pili.

Walikosea wote. Mwanamke huyu alikuwa dobi. Miaka thelathini alifua shuka za hospitali, na dobi wa shuka za hospitali hana mchezo na maji. Alijua kwamba maji ya kisima hayatoi povu hata uyabembeleze, na ya mvua yanatoa povu kwa sabuni kidogo tu. Tatizo la mvua ni bati. Ikishapita juu ya bati inashuka na kutu, vumbi, majani makavu na mavi ya njiwa. Shuka inaingia nyeupe, inatoka na madoa ya njano. Hilo lilimkera mpaka akaanza kuota madoa.

Basi akachoma magunzi ndani ya debe lililofunikwa, maana ukiyachoma wazi unapata jivu na jivu halikusaidii kitu. Mkaa wake akautwanga, akauchekecha, akauosha mpaka maji yakatoka bila weusi. Mkwewe, mume wa binti yake wa mwisho, alikuwa fundi wa mabati na mifereji, na mtaani walimwita hivyo hivyo, Fundi Bati. Huyo akampangia mapipa matatu ngazi ngazi, la juu likimwagia la kati, la kati likimwagia la chini. La juu alilijaza kokoto na mchanga. La kati akatia ule mkaa wa magunzi. La chini akatia maganda ya ndizi na ya machungwa, yaliyokaushwa na kusagwa, ndani ya mifuko aliyoishona kwa shuka kuukuu. Mvua ya kwanza aliiacha ioshe bati na kumwagika. Ya pili ndiyo aliiruhusu ipite.

Maji yakatoka safi. Mama Maganda akafua, akaanika, akatazama, akasema, "Afadhali." Kwa kinywa chake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Hata siku ya harusi yake alisema hivyo hivyo.

Mambo yangeishia kwenye kamba ya kuanikia nguo kama si ile barua. Ilitoka Ofisi ya Vipimo, ikaletwa zahanati, na Mkunga aliyekuwa msimamizi wa zahanati akaja nayo mbio mpaka uani kwa Mama Maganda, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Barua ilisema hivi: bomba la zahanati limekauka mwaka mzima, kwa hiyo zahanati ilete cheti cha maji mengine. Kisipoletwa hadi Ijumaa ya wiki ya tatu, saa sita kamili mchana, mlango wa chumba cha kuzalishia utafungwa kwa kufuli.

Mama Maganda aliisoma akaketi juu ya beseni la nguo bila kujua amekaa juu ya nini.

Binti yake huyo wa mwisho, Kitindamimba, alikuwa na mimba ya miezi tisa kasoro wiki chache. Na hiyo haikuwa mimba ya kwanza. Miaka miwili nyuma, chumba hicho hicho kilifungwa kwa kukosa maji, na Kitindamimba akapelekwa hospitali kubwa, mwendo wa saa nne kwenye barabara yenye mashimo ya kumeza kondoo. Hakufika. Alijifungulia njiani, kiti cha nyuma cha gari, na mtoto hakulia. Tangu siku hiyo Mama Maganda alikuwa amejiapia kwamba wa pili atazaliwa hapa, mita mia mbili kutoka mlangoni kwake, hata ikibidi aibebe hiyo zahanati mgongoni.

"Mapipa yangu nayahamishia kwako," akamwambia Mkunga.

"Dada, nakubali kwa mikono miwili. Lakini nitayachemsha vilevile."

"Chemsha. Mkaa hauui kila kidudu. Nimesema nasafisha maji, sikusema mimi ni Mungu."

Wakahamisha. Fundi Bati akafunga mfereji mpya kuzunguka paa la zahanati, na chini ya mapipa akaweka tangi jeupe. Mvua ikanyesha siku tisa mfululizo. Na mama yule, kila jioni, akiona bado kuna kitu ndani ya maji ambacho macho ya watu wengine hayakioni, aliongeza mkaa, akabadilisha maganda, akayapitisha upya. Mkunga alimwambia inatosha. Fundi Bati, kwa heshima zote, alimwambia inatosha. Lakini dobi hajawahi kukubali kuambiwa na mtu kwamba nguo imetakata vya kutosha.

Siku ya kumi maji yakapotea machoni.

Siyo kwamba yaliisha. Yalikuwepo, tangi lilikuwa zito, bomba lake likifunguliwa sauti ilisikika. Ila huwezi kuyaona. Mkunga alijaza kikombe, akatazama, akaona kitupu, akajaza tena, mpaka akalowa viatu. Akatafuta kijiti cha kiberiti, akakitumbukiza, kikaelea hewani katikati ya kikombe. Kuanzia hapo kila ndoo pale zahanati ilikuwa na kijiti chake, ili watu wajue mahali maji yanapoanzia.

"Mama, haya si maji tena," Kitindamimba alisema akitazama kile kijiti. "Haya ni tetesi."

"Kunywa," mama yake akamjibu. Akanywa, akaguna, akaomba kingine.

Jumatatu ya wiki ya mwisho, Mama Maganda akavaa gauni lake la safari, akachukua chupa mbili, akaenda Ofisi ya Vipimo. Ofisi yenyewe ilikuwa na madirisha mawili: la kwanza linapokea chupa, la pili linatoa majibu, na kati yake benchi moja la mbao lililochoka. Alikaa hapo kuanzia saa mbili mpaka saa saba. Kisha akaitwa dirisha la pili, kwa mtu ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Mhuri.

Alikuwa mtu mdogo, nadhifu, kalamu zake zimelala mezani kwa kufuata urefu. Wala hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomtia Mama Maganda wazimu baadaye, maana mtu mbaya unaweza kumtukana ukalala vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Fomu yako hii hapa. Mistari kumi na minne. Kutu, sifuri. Tope, sifuri. Vidudu, sifuri. Rangi, sifuri. Harufu, sifuri." Akasoma yote kumi na nne bila kuruka hata mmoja, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marehemu. Kisha akavua miwani. "Pole sana, mama."

"Pole ya nini? Si nimefaulu?"

"Hukuleta maji."

Mama Maganda alitazama nyuma yake, pengine kuna mama mwingine. Hakuwepo.

"Nimeleta chupa mbili. Hizo hapo mkononi mwako!"

"Chupa naziona," Bwana Mhuri akasema kwa upole. "Ngoja nikueleze. Zamani wapimaji wa hapa walikuwa wavivu. Mtu anajaza sifuri kila mstari bila kupima, anakwenda kunywa chai. Mkuu akachoka, akatoa waraka: fomu yenye sifuri tupu ihesabiwe kuwa chupa haikuletwa. Tangu hapo hatujapata shida."

"Na hao wavivu?"

"Siku hizi wanajaza moja kila mstari."

Hapo Mama Maganda akaona hapana, huyu lazima aone kwa macho yake. Akachukua chupa, akafungua, akaimimina pwaa juu ya meza. Kalamu zikaelea. Fomu ikalowa. Bwana Mhuri aliruka nyuma, akatazama meza, akatazama chupa, kisha akainua shingo akatazama dari kwa muda mrefu.

"Paa limeanza kuvuja," akasema, akaandika hilo kwenye karatasi ya matengenezo.

"Ni maji yangu hayo!"

"Mama, mimi nakuamini. Wallahi nakuamini. Fomu ndiyo haikuamini." Akainama dirishani, akashusha sauti. "Nikushauri kama mama yangu. Lete maji yenye kitu ndani. Hata kidogo. Kila mstari unaruhusu mpaka tano. Ukileta mbili tatu hivi, mhuri unapiga hapo hapo."

Mama Maganda alitembea kurudi nyumbani bila kuwasalimia watu, na watu waliomfahamu walihama njia. Hasira ilikuwa imempanda mpaka kwenye kilemba. Miaka miwili anaokota maganda kama chokoraa, miaka miwili macho yanamwasha kwa moshi wa magunzi, halafu mtu mwenye kalamu zilizopangwa anamwambia achafue!

Fundi Bati alikuwa akimsubiri uani. Alimheshimu mama mkwe wake kiasi kwamba alipozungumza naye alitazama ndoo.

"Mama, samahani. Kama wanataka uchafu, si tuwape? Konzi moja ya udongo tu."

"Niutie kwa mkono wangu?"

"Niutie mimi."

"Thubutu!" Ndoo ilitetemeka. "Maji niliyoyafua mimi, uyatie tope wewe?"

Lakini Kitindamimba alikuwa amekaa mlangoni, miguu imevimba, tumbo limemtangulia. Alikuwa anatazama barabara. Ile ile ya mashimo. Mama yake alimwona anavyoitazama, na ubishi ukamwishia tumboni.

"Haya," akasema. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kesho nitatia udongo mimi mwenyewe."

Na kweli, nani aseme hakujitahidi? Jumanne alfajiri alichimba konzi moja ya udongo nyuma ya nyumba. Akaukunjua kwenye ungo, akaona mzizi. Mzizi si udongo, akautoa. Akaona siafu wawili, akawatoa, maana mtu haagizwi tope akapeleka nyama. Akaona kipande cha plastiki, akatukana, akakitoa. Kisha akafikiri: udongo huu umekanyagwa na kuku. Kuku wanakanyaga wapi? Usiniulize. Mjukuu wangu azaliwe kwa kibali cha mavi ya kuku? Akausuuza mara moja, kwa ajili ya hao kuku tu. Maji ya kusuuzia yakatoka mekundu, na dobi yeyote aliyefunzwa akafunzika anajua kwamba maji ya kusuuzia yakiwa na rangi, kazi haijaisha. Akasuuza tena. Akasuuza mara saba. Akauanika juani juu ya kitambaa cheupe, akaugeuza upande wa pili, na nusura aupige pasi.

Ukabaki mchanga mweupe, kiasi cha chumvi ya yai moja. Mama Maganda akautumbukiza chupani kwa uchungu, huku amegeuzia uso pembeni, kama mtu anayechomwa sindano.

Jumatano, dirisha la pili, Bwana Mhuri alisoma mistari kumi na minne tangu wa juu mpaka wa chini, na sauti yake ilizidi kuwa ya msibani kila mstari.

"Mama," akasema mwishoni, "hii sasa ni mara ya pili hujaja."

"Nimekuja! Niko mbele yako! Unanipumulia!"

"Wewe umekuja. Maji hayakuja. Na kwa utaratibu wetu, asiyekuja mara mbili anafuatwa." Alionekana kusikitika kwa dhati. "Kesho hatupokei chupa, ni siku ya kuosha chupa. Ijumaa nitakuja mwenyewe na kipimo cha mkononi. Nikikuta maji, nitapiga mhuri. Nisipokuta..." Akafungua droo akamwonyesha kufuli, jipya, bado limo ndani ya karatasi yake.

Fundi Bati alipoambiwa habari ya udongo uliosuuzwa mara saba, aliitazama ndoo kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Mama, kwa nini uliufua?"

"Mkono wangu ulikataa," akasema Mama Maganda. Na hapo, mbele ya mkwe, midomo ikamcheza. Fundi Bati akajidai anakwenda kukaza misumari.

Ijumaa iliamka na mvua. Si mvua ya mzaha, mvua ya kupiga bati mpaka watu mnaongea kwa ishara. Saa mbili asubuhi Kitindamimba alishika kizingiti cha mlango akasema, "Mama," mara moja tu, na mama yake hakuhitaji ya pili. Saa tatu alikuwa kitandani zahanati. Saa tano Bwana Mhuri akafika, mwavuli kichwani, kipimo kimefungwa kifuani, kufuli mfukoni.

Alienda moja kwa moja kwenye tangi. Akafunua mfuniko, akaona chini kabisa, mpaka chapa ya kiwanda iliyopigwa kwenye kitako. Akaingiza mkono mpaka begani. Ukatoka umelowa chapachapa, koti na shati. Akautazama. Akatazama mbingu. Akaandika: mvua.

"Pima basi!" Mama Maganda akampigia kelele.

Akapima. Sifuri kumi na nne. Akakipiga kipimo makofi, akapima tena, zile zile.

"Zahanati haina maji," akasema, karibu alie. Nyuma yake mfereji wa Fundi Bati ulikuwa umeng'oka msumari mmoja kwa nguvu ya mvua, na fundi mwenyewe alikuwa ameubeba kichwani ili usianguke, maji yakimpita masikioni kwenda kwenye mapipa.

Saa sita kasoro dakika tano, Bwana Mhuri akasimama mlangoni pa chumba cha kuzalishia, kufuli mkononi. Ndani Kitindamimba alikuwa analia kwa meno yaliyoumana. Mama Maganda akajitia kati ya mtu na mlango. Hakuwa na hoja tena, hakuwa na tusi, alikuwa na mwili wake tu, akautandaza.

"Huyu haendi njiani," akasema. "Sikia mwanangu. Wa kwanza alikwenda njiani. Huyu haendi."

Mkunga akatoka, glovu mikononi, jasho usoni. "Kuna nini hapa?"

"Lazima nifunge," Bwana Mhuri akasema. "Barua inasema saa sita mlango ufungwe."

"Funga! Nani kakukataza? Barua imesema nani awe upande gani?"

Bwana Mhuri akaitoa barua akaisoma. Akaisoma tena, kidole kikifuata mstari. Uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Haijasema," akanong'ona. "Ila ufunguo lazima ubaki na ofisa."

"Basi ingia na ufunguo wako, ukae kizuizini pamoja nasi. Na utazame ukuta!"

Hivyo ndivyo saa sita kamili mchana mlango wa chumba cha kuzalishia ulivyofungwa kwa kufuli, kwa mujibu wa barua, kutoka ndani. Bwana Mhuri alisimama kwenye kona nyuma ya pazia, pua imegusa bango la chanjo, akilisoma kwa sauti ndogo ili asisikie mengine.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Mama Maganda aliujua mara mbili: wa kwake alipomzaa huyu, na sasa wa huyu, ambao aliona heri ungekuwa wake. Kitindamimba alimshika mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

"Mama, naogopa."

"Hata mimi."

"Wewe huogopi kitu!"

"Naogopa mpaka magoti hayaniumi tena. Sukuma, mwanangu."

Kutoka nje, katikati ya ngurumo, ilikuja sauti ya Fundi Bati. "Mama! Vipi huko?"

"Shika mfereji!" Mama Maganda na Mkunga wakajibu pamoja.

Akasukuma. Nusu saa nyingine, akasukuma. Kisha kichwa, kisha bega, kisha mtoto mzima mikononi mwa Mkunga, wa kiume, na kimya. Bwana Mhuri akaacha kusoma chanjo. Mkunga akampangusa pua, akamsugua mgongo kwa taulo, akamgeuza, akamsugua tena. Mama Maganda alihesabu moja, mbili, tatu, nne, na hakujua anahesabu nini wala atafika ngapi.

Mtoto akalia.

Akalia kwa hasira, kama mtu aliyetolewa kwenye foleni akiwa wa kwanza. Kitindamimba akaanza kucheka na kulia kwa mpigo. Nje kikasikika kishindo cha mfereji kuanguka, na hakuna aliyemlaumu fundi.

"Alale kifuani kwa mama yake," Mkunga akaamuru, na akalala hapo muda mrefu, mpaka wote chumbani wakapumua. Baadaye ndipo Mkunga akasema apanguswe, damu imemganda miguuni na matakoni. Mama Maganda akaleta beseni jeupe, akamimina maji yaliyochemshwa na kupoa, akajaribu kwa kiwiko, akampokea mjukuu wake, akamlaza taratibu huku kiganja kikishika shingo.

"Sasa naweza kugeuka?" Bwana Mhuri akauliza.

"Geuka."

Akageuka, akapiga ukelele. "Mnamwogesha mtoto kwenye beseni kavu!"

Kweli, ukiangalia ungeapa. Mtoto alikuwa ameelea kidogo juu ya kitako cha beseni, miguu inapiga hewa, hakuna chochote chini yake wala pembeni. Bwana Mhuri alisogea, amefumba jicho moja, amenyoosha kidole kwa woga. Na wakati huo huo, bila kuuliza mtu wala kusubiri waraka, mtoto akakojoa.

Alikojoa juu, kwa mshazari, kitu cha kusifika kwa umri wake. Mkojo ukashuka ndani ya beseni, ukatanda, njano hafifu, ukazunguka mapaja yake, ukafika ukingoni ukasimama. Na pale uliposimama, wote wakaona: maji. Maji tele, kutoka ukingo mpaka ukingo, yakitikisika.

"Nayaona!" Bwana Mhuri alipaza sauti. "Mama, nayaona!"

Akachomoa kipimo, akakichovya ukingoni mwa beseni. Rangi, mbili. Chumvi, tatu. Harufu, moja. Yaliyobaki sifuri. Hakuna mstari uliofika tano. Alijaza fomu kwa mwandiko mzuri, akaitandika juu ya meza ya dawa, akautoa mhuri kutoka mfuko wa ndani wa koti, akaupulizia pumzi, akapiga. Kisha akafungua kufuli, akafungua mlango, na Fundi Bati, ambaye alikuwa ameuegemea, akaingia kifudifudi.

Watu wakawa wanacheka, wanapongezana, baba anamtafuta mtoto kwa macho yaliyojaa mvua. Mkunga akanyoosha mkono kwenye beseni.

"Lete nibadilishe, dada. Kayachafua."

Mama Maganda hakulitoa. Alikuwa amemwinua mtoto, amemweka mapajani juu ya gauni lake jeupe, hata taulo hajamfunga. Akatazama yale maji ya njano, na uso wake ukabadilika, na Kitindamimba peke yake, kutoka kitandani, ndiye aliyejua anatazama nini.

Yule wa kwanza waliletewa nyumbani amefungwa kwenye nguo. Walipomzika, nguo ikabaki, na Mama Maganda akaichukua aifue. Ilikuwa kavu. Haikuwa na doa la maziwa, wala la mkojo, wala la kitu chochote, nyeupe pee kama ilivyotoka kabatini. Aliifua hivyo hivyo. Aliisugua asubuhi nzima, akiigeuza na kuigeuza, akitafuta mahali pa kusugua, na hakupata. Siku iliyofuata ndipo alipochukua gunia akaanza kuomba maganda.

Mtoto akakunja miguu, akajikaza, akakojoa tena. Safari hii mkojo ulimmwagikia bibi yake, vuguvugu, ukapenya gauni mpaka kwenye ngozi.

"Mama, umelowa," Kitindamimba akasema. "Nguo nyingine ipo kwenye kapu. Vaa hiyo, hii tuiloweke."

"Niache," akasema Mama Maganda, akamkumbatia mjukuu wake karibu zaidi, doa likiendelea kutanda. "Niache, mwanangu. Hii sifui."